Nilikosa pepa mbili nikimuuguza mama, chuo kimenidisko (kimeniondoa masomoni) na mama mwenyewe hajui

Shangazi shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala chuo. Ni chuo kidogo tu cha serikali hapa Mwanza, ukitaja kozi tu watu washanijua maana darasani tuko 41. Kwetu ni Ukerewe, mimi ndo mtoto wa kwanza na kwa upande wa mama ndo wa kwanza kufika chuo kikuu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama anaanika dagaa, ndo hao dagaa walionisomesha mpaka nikapata mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Mwezi wa saba nilikuwa namalizia mwaka wa pili, tuko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula, pepa sita. Nne nilifanya na nilifanya vizuri shangazi, nilipiga msuli kwelikweli, vimbweta vile vya kusomea nilikuwa natoka saa sita usiku. Alhamisi asubuhi mjomba akapiga simu, mama tumbo limemzidi, hospitali ya wilaya wameandika rufaa ya hospitali ya Bugando na wanakuja na meli ya mchana. Jioni nikawapokea bandarini, tukapanda bajaji mpaka hospitali, usiku huohuo akapelekwa kupasuliwa. Mjomba asubuhi akarudi kisiwani maana ana mtumbwi na watu wanamsubiri, nikabaki peke yangu. Pepa ya tano ilikuwa Ijumaa saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu niko kwenye benchi nje ya wodi nimeshika kandambili za mama kwenye mfuko wa rambo, kitambulisho cha mtihani kiko mfukoni. Ningeendaje? Nikamtext CR wetu (kiongozi wa darasa) whatsapp nikamwambia mama yuko hospitali siwezi kuja, akajibu poa pole sana ntawaambia. Jumatatu pepa ya mwisho pia sikwenda, mama alikuwa bado na mpira puani na hakuna wa kumgeuza.

Mama alipona, akaruhusiwa, nikampeleka nyumbani. Mimi nilijua ntafanya speshali mwezi wa tisa na wenye sapu, wale wanaorudia mitihani. Matokeo yametoka nafungua akaunti yangu nakuta masomo mawili yameandikwa ABS (hakuwepo) na chini kabisa DISCO. Nikamuuliza CR kama aliwaambia akasema alimwambia lekchara mmoja koridoni. Basi.

Sikwenda ofisi yoyote. Niliona aibu, nikaogopa, siku zikapita, speshali zikapita. Sasa ni Novemba wenzangu wameanza mwaka wa tatu na mimi naingia nao darasani, nakaa nyuma, karatasi ya mahudhurio ikija naisukuma kwa jirani. Wiki iliyopita lekchara mmoja akasimama akaniangalia akasema "wewe upo?" Nikatoka nikaenda kulia chooni.

Mama nimemwambia bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa ndo maana nakula hela yake. Kila akipata kidogo anatuma elfu kumi, elfu kumi na tano. Siwezi kumwambia shangazi. Akijua nimedisko kwa sababu yake atajilaumu mpaka kufa, na bado kidonda hakijakaa sawa. Sasa kuna kaka ana steshenari karibu na geti, anasema kwa elfu hamsini ananitengenezea fomu ya hospitali yenye mhuri, inaonyesha mimi ndo niliyelazwa, afu nikate rufaa. Rumeti wangu anasema wengi wanafanya ivo. Fomu ya kweli ya mama iko nyumbani kwenye begi lake na siwezi kumwomba bila kumwambia ya nini.

Nifanyeje? Hela ya steshenari nimeshaanza kudunduliza.

Mwana wa Kisiwani

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe mama pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nikuambie ukweli kilichonitoa machozi ni zile kandambili. Binti wa miaka ishirini na kitu amekaa kwenye benchi ameshika kandambili za mama yake, mtihani wa jasho la miaka miwili unaanza bila yeye, halafu mfumo unaandika kwamba ametoroka. Hukutoroka. Hilo nataka ulishike kabla hatujafika kwenye makaratasi, maana naona umeanza kulikubali neno la mfumo, unajificha nyuma ya darasa kama mtu aliyeiba.

Nimefanya kazi ofisi ya mitihani ya chuo kimoja kwa miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo nakueleza ninavyojua kutoka ndani.

Mfumo haujui mama yako aliumwa. Msimamizi wa mtihani anahesabu karatasi, anaona kiti cha namba yako kiko wazi, anajaza fomu kwamba hukuwepo. Ile fomu inapanda idara, inafika kwenye bodi ya mitihani ya kitivo, mwisho Seneti, kikao cha juu cha taaluma cha chuo. Njia nzima hiyo swali ni moja tu, je kuna barua kwenye faili lake? Kama hakuna, kanuni za vyuo vyetu karibu zote zinasema aliyekosa mtihani bila sababu ya msingi ahesabiwe ametoroka na aondolewe. Kama barua ipo na sababu ni ya kweli, anapewa mtihani maalumu, hiyo mnayoita speshali, na speshali inahesabika ndo mara yako ya kwanza kufanya, unapata gredi uliyoistahili, si kama sapu ambayo vyuo vingi wanakukatia kwenye C hata ungepata mia. Kwa hiyo wale wakubwa waliokaa kikao hawakukataa sababu yako, hawakuwahi kuisikia. Ni tofauti kubwa sana hiyo na ndo matumaini yako yalipo.

CR simlaumu sana. Ni mwanafunzi kama wewe na alikuwa na pepa zake. Lakini CR si ofisi mwanangu, na lekchara aliyeambiwa koridoni naye si ofisi. Nimeona watoto wengi sana wanaumia hapo, wanajua wametoa taarifa kumbe wametoa habari. Taarifa ni karatasi iliyopokelewa, ikagongwa mhuri, nakala ukabaki nayo. Hata hivyo ile meseji ya whatsapp usiifute hata kwa bahati mbaya. Ina tarehe na ina saa. Inaonyesha Ijumaa ile asubuhi ulisema uko hospitali na mama, wakati hujui lolote kuhusu kudisko. Ipige picha leo, iprinti, na mwombe CR naye aandike mistari mitatu aweke sahihi kwamba ulimwambia na yeye akamwambia fulani. Asipotaka muache, meseji inatosha kusema.

Sasa huyo kaka wa steshenari. Hapana. Nasema hapana na naomba unisikilize vizuri maana najua njaa na hofu vinavyomfanya mtu aone elfu hamsini ni mlango. Chuo kikipokea fomu ya hospitali kinaweza kuandika barua kwenda hospitali kuuliza, je huyu mlimtibu, namba ya faili hii ni yake? Mimi mwenyewe nimeandika barua za namna hiyo. Majibu yakirudi kwamba hatumjui, mwanafunzi anakuwa hana kesi ya kukosa pepa tena, ana kesi ya kughushi, na kughushi ni jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, siyo mambo ya kanuni za chuo tu. Halafu angalia na hili ambalo rumeti wako hajaliona, fomu ya steshenari itasema ulilazwa wewe, meseji yako kwa CR inasema amelazwa mama. Utakuwa umeleta ushahidi unaojipinga wenyewe, na ule wa kweli ndo utakaoonekana wa uongo. Una kisa cha kweli chenye makaratasi ya kweli, mbona uuze dhahabu ununue bati? Hela uliyodunduliza nunua nauli ya meli.

Ndiyo, nauli ya meli, maana utaenda Ukerewe.

Umesema fomu ya kweli iko kwenye begi la mama na huwezi kuichukua bila kusema ya nini. Unaweza kufikiri labda uende hospitali kitengo cha kumbukumbu uombe nakala kimyakimya. Hawatakupa, na wako sahihi kutokukupa, taarifa ya mgonjwa ni ya mgonjwa, watataka yeye mwenyewe au maandishi yake ya ridhaa. Kila njia unayoigeukia mama yuko mlangoni. Mimi naona ni afadhali iwe hivyo, kwa sababu ungepata njia ya kupita pembeni ungepita, na ungeendelea kumwambia bumu limechelewa mpaka lini? Mama wa watu anajua kuhesabu. Wanafunzi wa jirani zake wamepata bumu, kisiwa chenyewe ni kidogo, ipo siku mtu atamwambia sokoni Nansio.

Hofu yako ni kwamba atajilaumu. Huenda kweli atajilaumu, mama gani asingeumia. Ila fikiria upande wa pili, afya yake hiyo, kidonda hicho, anainama kwenye chanja kugeuza dagaa juani ili akutumie elfu kumi na tano akijua mnasubiri bumu. Unamlinda na maumivu ya kusikia huku unamwongezea maumivu ya mgongo. Na yule ni mama aliyefiwa na mume akakusomesha kwa dagaa, hajawahi kuwa mtu wa kufichwa. Mpe nafasi ya kuwa mama yako kwenye hili.

Nenda siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa hawaendi ziwani, maana siku za giza hana hata muda wa kukaa, mzigo ukishuka alfajiri ni mbio mpaka jioni. Kaa naye jikoni. Usianze na neno disko, anza na ile Ijumaa, mwambie mama siku ile umetoka kupasuliwa mimi nilikuwa na mtihani na sikwenda, na ikirudi leo sitakwenda tena. Hilo la mwisho liseme kabla hajapata nafasi ya kusema ni kosa langu. Ndipo umwambie chuo kimefanyaje na unahitaji nini kutoka kwenye begi lake. Atakayelia alie, na wewe ulie, halafu mfungue begi. Na la bumu mwambie hapohapo, siku hiyohiyo, usilibakize hata kidogo.

Kwenye begi tafuta barua ya rufaa ya hospitali ya wilaya, fomu ya kuruhusiwa, risiti za malipo zote hata za dawa na hata iliyochakaa. Tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa ndo roho ya kesi, zikizunguka Ijumaa na Jumatatu yako umemaliza nusu ya kazi. Tiketi za meli kama mjomba hajazitupa chukua. Halafu kuna kitu watu wanakisahau na kinawakwamisha, jina. Fomu ina jina la mama, siyo lako, na ofisini hawamjui. Beba cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha yule ni mama yako. Kama kwenye cheti anaitwa kwa jina moja na hospitali wameandika jingine, kama wengi wa mama zetu wenye jina la ubatizo na la nyumbani, pitia kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua kwamba ni mtu mmoja. Mwambie mtendaji huyohuyo aeleze na kwamba baba hayupo na wewe ndo mkubwa, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini asikae mtu mwingine hospitali. Mjomba naye aandike, aseme alimleta akarudi kazini asubuhi yake.

Ukirudi Mwanza usianze kwa kuandika, anza kwa kuchukua. Umeona DISCO kwenye akaunti lakini hujasema kama umepokea barua ya kuondolewa. Nenda ofisi ya mitihani au ya msajili uiombe, halafu soma kanuni za mitihani kwenye prospektasi sehemu ya rufaa. Kila chuo kina siku zake na zinahesabiwa kutoka pale chuo chako kilipoandika, ndo maana sikutajii namba. Kama muda bado, vizuri. Kama umepita, andika hivyohivyo, na kwenye barua uwe na aya moja ya kuomba radhi kwa kuchelewa, ueleze ukweli kwamba uliogopa na ulikuwa unauguza. Nimeshaona Seneti ikisikiliza barua iliyochelewa yenye ukweli na vielelezo. Nimeona pia ikikataa, sitakudanganya. Isiyoandikwa ndo sijawahi kuona ikisikilizwa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iende kwa naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, kupitia kwa mkuu wa idara yako, na hilo la "kupitia" usiliruke. Usimwage machozi humo, tarehe zitasema. Kitu kama "Tarehe fulani saa 2:30 asubuhi sikuweza kufanya mtihani wa somo fulani kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa amefanyiwa upasuaji usiku wa kuamkia siku hiyo na mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wake pekee, kielelezo namba 1 na 2." Mwisho uombe jambo moja tu, kufutiwa hali ya kutoroka na kuruhusiwa kufanya mitihani maalumu ya masomo mawili. Usiombe huruma ya jumla, wenye vikao hawajui wafanye nini na huruma ya jumla. Toa nakala, gongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, iweke pamoja na hizo za hospitali. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) usikimbilie kwanza, watakuuliza chuo kimejibu nini na hutakuwa na jibu.

Halafu kaonane na mkuu wa idara uso kwa uso. Hapa udogo wa chuo chenu unakusaidia. Najua umekuona ni jela, watu 41 wote wanajua, ukikohoa wamesikia. Lakini kwenye vyuo vya maelfu ya wanafunzi mkuu wa idara hamjui mtu, wewe wako anakujua kwa sura, pepa nne zako zipo anaziona, ataingia kwenye kikao akiwa amekuona. Na yule lekchara aliyekuuliza "wewe upo?" mimi sidhani alikuwa anakufukuza. Umekosa pepa, jina halimo kwenye orodha, na bado unakuja darasani kusikiliza, huyo ni mwalimu ameona kitu kisichoeleweka akauliza. Mtafute ofisini kwake umjibu. Anaweza akawa ndo yule wa koridoni.

Ila darasani acha kuingia kwa kujificha. Mwulize mkuu wa idara kama unaruhusiwa kusikiliza wakati rufaa inasubiri, akisema hapana basi shinda kwenye vimbweta na madesa (notsi) ya yale masomo mawili, maana ukikubaliwa utayafanya ukiwa umekaa miezi mingi bila kuyagusa na huo ndo mtego mwingine, mtu anashinda rufaa halafu anafeli speshali.

La mkopo nalo uliangalie mapema. Bodi inafuata kile chuo kilichotuma, kwa hiyo kwao sasa hivi wewe umeachishwa na hiyo 10,000 ya chakula na malazi kwa siku haitakuja. Mwone afisa mikopo wa chuo umwambie umekata rufaa. Rufaa ikikubaliwa inawezekana wakakwambia subiri mpaka msimu ujao wa mitihani maalumu, yaani mwaka huu unakwenda ukiwa umeahirisha, na ukirudi afisa huyo ndo atakayepeleka taarifa Bodi ili ufunguliwe. Mwaka mmoja unauma, najua, lakini si mwisho wa safari. Tafuta kakibarua, hata soko la Mwaloni Kirumba kwenye dagaa si unayajua magunia tangu utotoni, mama apumzike kutuma.

Na rufaa ikikataliwa kabisa? Matokeo yako ya fomu siksi hayaozi. Unaomba upya udahili dirisha likifunguliwa, au Chuo Kikuu Huria ambao wana kituo hapahapa Mwanza na unasoma huku unafanya kazi. Tatizo litakuwa mkopo, maana Bodi imekuwa ikitaka aliyeachishwa masomo arudishe kwanza angalau asilimia 25 ya alichokopa ndo aombe mwingine. Ndiyo sababu nakusukuma upiganie rufaa hii kwa nguvu zote, usiiache ipite kwa aibu.

Angalia mwezi leo usiku umefikia wapi, upange meli. Cheti cha kuzaliwa kiko geto au kiko kwa mama? Kama kiko geto kibebe, mtendaji atataka kukiona. Na huyo kaka wa steshenari mpelekee tu kazi ya kuprinti hiyo picha ya whatsapp.

Shangazi